Boneti na Mlango

Jana nilimtazama fundi akipiga gari langu polishi. Boneti bado ina rangi ya kiwandani, ngumu kweli. Alipitisha mashine mara tatu ndipo mikwaruzo ikatoka. Mlango wa kushoto ulipakwa upya gereji baada ya ajali. Rangi ya gereji haikaushwi kwa joto kali kama la kiwandani, na mara nyingi hubaki laini. Hapo alijaribu kwanza sehemu ndogo, kwa sponji laini na dawa isiyo kali. Angeukandamiza kama boneti, angemaliza rangi yote.

Nami nilimkemea kitinda mimba wangu vile vile nilivyomkemea kaka yake. Kaka yake alibadilika. Yeye hajanipigia simu tangu Pasaka. Mzazi mwenzangu, usiniambie kwamba ukali sawa ndiyo haki. Jioni hii nampigia mimi.