Nafasi za fildi za kompyuta: mtihani wa chumbani nao ni amana



Kila msimu wa fildi unapokaribia, masuali ya wazazi wa Unguja na Pemba hutufikia kwa wingi, na siku hizi yamebadilika sura. Zamani mzazi akiuliza nani anamjua nani katika ofisi fulani. Sasa anauliza kuhusu mtihani wa intaneti anaoufanya mwanawe chumbani, mlango umefungwa, na rafiki yuko kwenye simu akimpa majibu.

Tangu mpango wa Silicon Zanzibar ulipotangazwa mwaka 2022, na Fumba kutajwa kuwa makao ya kampuni za teknolojia, vijana wetu wanaosoma kompyuta katika vyuo vya Tunguu wana matumaini mapya. Wengine huomba Dar es Salaam na hata Nairobi. Lakini kampuni za programu hazichagui watu kwa namna tuliyoizoea. Barua na cheti havitoshi. Kijana hutakiwa aonyeshe programu alizoandika mwenyewe, aghlabu zikiwa GitHub ambako kila mtu anaweza kuzisoma. Kisha hupewa mtihani wa saa moja au zaidi kupitia tovuti kama HackerRank, popote alipo. Akifaulu huitwa kwenye usaili, na huko huulizwa aeleze kwa nini aliandika hivi na si vile.

Kwa upande mmoja hili ni kheri. Mtoto wa mkulima wa Micheweni asiye na mjomba wizarani anapimwa kwa mizani ileile ya mtoto wa mkubwa, madhali ana kompyuta, bando, na umeme haukukatika.

Fitna iko hapo hapo kwenye mtihani. Akili mnemba inaweza kuandika jibu zima kwa sekunde chache. Tumesikia pia wazazi wanaolipa mtu amfanyie mtoto wao mtihani, wakiona ni msaada tu, kama kumlipia masomo ya ziada.

Huo si msaada, ni ghishi. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni Madina akakuta chini kumerowa, muuzaji alisema ni mvua. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa ni kukificha kilichorowa chini ya kikavu. Kijana anayewasilisha jibu la mwengine kwa jina lake amefanya jambo lilelile, na nafasi anayoichukua ni haki ya kijana aliyekesha peke yake. Mzazi aliyelipa ana sehemu yake katika dhambi hiyo. Ikiwa kampuni yenyewe imeruhusu akili mnemba, na zipo zinazoruhusu, hapo hapana ubaya. Masharti ya mwenye kazi ndiyo yanayofuatwa.

Na aliyekwisha kufanya hivyo, akapata nafasi? Sheikh Ibn Baz (Allah amrehemu) aliulizwa kuhusu mtu anayefanya kazi kwa cheti alichokipata kwa udanganyifu. Jibu lake lilikuwa kwamba ni wajibu atubie, na mshahara wake hauna tatizo ikiwa kazi anaiweza na anaitekeleza ipasavyo. Tunaona hukumu hiyo inamhusu na mwanafunzi wa fildi. Lakini asiyeiweza kazi asijifariji kwayo. Aseme ukweli au aiache.

Katika Suratul Qasas, binti wa mzee wa Madyan alimpendekeza Nabii Musa (a.s.) aajiriwe, akataja nguvu na uaminifu. Nguvu zake walikwisha kuziona kisimani, alipowanyweshea wanyama wao kabla ya kuahidiwa chochote. Kisha mzee akaweka wazi muda: miaka minane, na kumi ni kwa hiari ya Musa. Vijana wetu wengi hawaulizi hata hilo. Fildi bila malipo inajuzu ikiwa pande zote zimeridhia na kijana kweli anafundishwa. Isiyojuzu ni ile ya "njoo tu, tutaangalia", ambapo muda haujulikani, posho haijulikani, na kijana anafanya kazi ya mwajiriwa kamili. Ajira si jambo la Muungano, kwa hiyo anayevuka kwenda Dar anatoka chini ya Sheria yetu ya Ajira namba 11 ya 2005. Asome mkataba kabla ya kupanda boti.

Pia aulize programu anayokwenda kuiandika ni ya nini. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizokuwa na leseni. Leseni peke yake haihalalishi riba. Mtume (s.a.w.) amemjumuisha mwandishi wa riba pamoja na mlaji wake katika laana, na leo mwandishi huyo ni yule anayeandika programu ya kuhesabu nyongeza ya deni kila siku. Kampuni ikiwa na kazi nyengine, kijana aombe apangiwe hiyo. Ikiwa mikopo ya riba ndiyo kazi yake yote, aitafute nafasi pengine, hata kama msimu utampita.

Wallahu aalam.