Nyantende: Chuma cha mbele ya jeep kinamlinda nani?

Kwenye barabara ya Nyantende, nje kidogo ya Bukavu, mwenye jeep ana sababu ya kutaka chuma cha kukinga mbele: mashimo, mifugo, pikipiki. Fundi wa kuchomelea hupima gari, hukunja bomba na kulifunga kwenye shasi. Gari likigusa kitu, taa na radiata hupona.

Lakini barabara hiyo hiyo hupitwa na wanafunzi na akina mama wenye mizigo. Bampa ya plastiki hubonyea. Bomba halibonyei, hivyo aliyegongwa huumia zaidi. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kutaka vyuma hivyo vipimwe usalama wake kwa waenda kwa miguu.

Hata aliye ndani ana hatari yake. Mbele ya gari hutengenezwa ijikunje ili kupunguza kishindo. Chuma kizito huweza kuzuia hilo na kuvuruga mifuko ya hewa.

Anayeagiza chuma hicho anaweza kumwomba fundi bomba jepesi, lenye kona za mviringo, lisilozidi upana wa gari wala kuziba taa. Hatari itapungua, haitaisha: dereva bado atapaswa kupunguza mwendo.