Kufuli la Kasha la Siyu

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Siyu, kisiwani Pate, kwa shughuli ya kasha. Ni kasha la msaji la upande wa mamangu, na ndani yake mna msahafu ulioandikwa kwa mkono pamoja na khati za shamba ambazo jamaa wanazihitaji. Khalati yangu aliyekuwa akilitunza amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ufunguo haukuonekana. Kufuli lililoning'inia kwenye tumbuu ni la shaba, la dukani.

Wazee waligawanyika. Wengine walitaka mtaimbo. Mimi nilikataa, maana kasha la pili la nyumba ile lilivunjwa kwa tindo miaka mingi iliyopita; tumbuu ikang'oka na ubao wake, nakshi ikapasuka, na mwishowe kasha likauzwa kwa bei ya kuni. Ndipo akaitwa kijana mmoja, fundi wa baiskeli na pikipiki. Alipofungua kitambaa chake, mzee mmoja akauliza, "Hivyo si vyombo vya wezi?" Kijana akajibu kwa adabu, "Ami, hata ngazi mwizi huipanda."

Swali la mzee lina haki yake, nami nitalirudia. Kwanza tukitazame chombo chenyewe.

Vyombo ni viwili. Kimoja ni cha kuinulia, chembamba, kimepinda ncha, na hicho ndicho watu hukitolea macho. Cha pili ni kipande bapa cha feleji kilichokunjwa mfano wa herufi lam. Kijana amekiita kikazo, wala mimi sitakitafutia jina jingine. Kazi yote imo humo. Ndani ya kufuli la aina hii mna pini zinazosukumwa na springi, na kila pini ni vipande viwili. Ufunguo huzipandisha mpaka mpasuko wa kila moja uwe sawa na ukingo wa silinda, na hapo silinda huzunguka. Lakini matundu ya pini hayatobolewi yakalingana kabisa. Silinda ikikazwa kidogo, pini moja hubana kabla ya wenziwe. Huinuliwa hiyo, ikakaa, ikafuata nyingine. Mkono ukiwa mzito, zote hubana pamoja. Ukilegea mno, zilizokwisha kukaa huanguka. Kidole kimoja chatosha, tena kwa uzito ule wa kufunua karatasi ya msahafu.

Nilimuuliza chuma chake hukipata wapi. Amejaribu vingi. Msumari hupinda ukabaki umepinda. Spoku ni ya mviringo, huteleza tunduni mpaka ipondwe iwe bapa. Msumeno wa chuma ni mgumu, lakini ukikunjwa baridi huvunjika kama biskuti. Sharti utiwe moto uwe mwekundu ndipo ukunjwe, kisha urudishiwe ugumu wake. Alichokipenda ni utepe wa chuma ulio ndani ya waipa ya gari, na kwa kuwa Siyu si mji wa magari, huagizia Mombasa. Huukunja kwa koleo polepole, kisha kingo huzilainisha kwa tupa zisikwaruze shaba. Mtihani ni upana: kikazo kikiwa kipana hakimwachii mwenziwe nafasi, kikiwa chembamba huchezacheza na kidole hakisikii kitu. Alikuwa navyo vitano.

Nilipoitazama tupa ile ikienda na kurudi niliwakumbuka mafundi wa Siyu wa karne ya 19, wa majambia na ngozi, wa milango na viti, na waandishi wa misahafu. Watu siku hizi huja kupiga picha ngome, wakaondoka.

Sasa swali la mzee. Sheria ya Kenya, katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 308, inamkamata mtu anayekutwa nje ya makazi yake na chombo cha kufanyia wizi. Na sisi Waislamu Suratun-Nur imetukataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini na salamu. Kwa hivyo mzee hakukosea kuuliza. Amekosea anayedhani ujuzi ukifichwa mwizi hataupata. Mwizi ana mtaimbo, hana haja ya subira. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Hobbs alifungua kufuli la Bramah lililosifiwa kwamba halifunguki, kwa saa 51 katika siku 16, na watengenezaji wakalazimika kutafuta makufuli bora. Ujerumani, tangu 1997, kuna chama cha watu wanaofungua makufuli kwa mchezo tu, na sharti lao la kwanza ni hilo hilo letu la idhini. Hata Al-Jazari, aliyeeleza katika kitabu chake cha 1206 kufuli la sanduku la kufungwa kwa herufi badala ya ufunguo, hakuificha siri yake.

Kufuli lilifunguka baada ya sala ya alasiri, na aliyeshika tochi ni mzee yule yule. Khati zilikuwa salama. Msahafu umeliwa na mchwa pembe moja. Kijana alikataa pesa. Alitaka karatasi yenye kueleza kwamba kasha ni letu na sisi ndio tuliomwita, kwani njiani mifuko hupekuliwa. Nikamwandikia, na mzee akatia sahihi chini ya yangu.