Mvua ikinyesha, kila mtu anafungua mfereji wake

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu mnaobaki Baraka na watoto, msimu wa mvua umerudi. Usiku mvua inapiga mabati, na asubuhi kanivo za mji zimejaa maji rangi ya chai. Ndani yake mna kila kitu: chupa, majani, mafuta ya pikipiki, na choo cha jirani. Ndiyo, choo cha jirani. Wako watu wenye kungojea mvua kubwa ili watoboe shimo la choo, uchafu uende na maji bila kulipa mtu wa kuutoa. Usiku wa mvua hakuna anayeona. Asubuhi wote tunasema: ni mvua.

Huko karieri tunafanya vilevile, tusidanganyane. Maji ya kuoshea mchanga, pamoja na yale motopompi inavuta toka ndani ya mashimo, yanawekwa kwenye baseni ya udongo ili tope lishuke chini. Baseni ikijaa, kazi inasimama. Kwa hiyo watu wanangojea mawingu. Msimu uliopita, kwenye site moja ambapo baadhi yetu tunafanya kazi, baseni ilifunguka saa nane ya usiku katikati ya mvua. Asubuhi wanawake wa kijiji cha chini walienda kuchota, wakakuta mto umekuwa uji. Tulipouliza, mkubwa wa site alijibu kwamba mvua ilivunja ukingo. Tulienda kuangalia. Alama za jembe zilikuwa bado mbichi.

Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuongea leo, kwa sababu tunaona inaenda kutugharimu kazi.

Sheria iko. Sheria ya madini, ile Code minier ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, iliongeza kifungu cha 285 bis. Kinasema mwenye haki ya mgodi analipa madhara aliyoletea watu, mali na mazingira kwa kazi yake, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Tusome tena hayo maneno ya mwisho: hata kama hakuna kosa. Maana yake mvua haimwokoi mtu. Anayejenga baseni Fizi anajua kwamba mvua ya Fizi inanyesha toka Septemba mpaka Mei. Hawezi kusema ilimshtukiza. Iko pia sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, yenye msingi kwamba aliyechafua ndiye analipa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Karatasi hazikosekani.

Lakini angalieni tundu. Kifungu cha 285 bis kinamgusa kwanza mwenye karatasi ya mgodi, kampuni yenye permi. Sisi wengi tunachimba chini ya koperative, na wengine hata koperative yao haina idhini. Mchimbaji wa mkono naye sheria inamdai alinde maji na mazingira, ni sharti la kuwa na ile karte yake. Ni wangapi kati yetu wenye karte? Basi site ikichafua mto, mwanakijiji hajui amshtaki nani. PDG wa shimo anasema ni koperative, koperative inasema ni PDG, na wote wawili wanasema ni mvua.

Na serikali, ikikosa mtu mmoja wa kukamata, inakamata wote. Agosti 2021, gavana Théo Ngwabidje alisimamisha kampuni za Wachina zilizokuwa zinachimba Mwenga, baada ya wananchi kupiga kelele juu ya mito na mashamba kuharibiwa. Hiyo ilikuwa na anwani: kampuni fulani, eneo fulani. Lakini Julai 2024, gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kusini yote, kwa sababu ya fujo iliyoletwa na wenye kuchimba. Aliyekuwa na baseni nzuri na asiyekuwa nayo, wote chini ya amri moja. Hatusemi gavana alikosa kuona fujo, fujo iliko. Tunasema amri ya namna hiyo inamuumiza kwanza yule anayekula kwa siku. Mwenye mashine ana pesa ya kungojea miezi. Mama anayetwanga mawe hana.

Tutazame na nje kidogo. Tarehe 18 Februari 2025, kule Zambia, ukuta wa bwawa la uchafu wa mgodi wa shaba wa Sino-Metals ulipasuka karibu na Chambishi. Maji yenye asidi, kama lita milioni 50, yakaingia kijito na kushuka hadi mto Kafue. Mji wa Kitwe ulifunga maji ya bomba, samaki wakafa. Hapa kwetu nchini, Novemba 2025, maji machafu ya baseni ya kampuni CDM yaliingia mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa madini Louis Watum akaisimamisha kwa miezi 3. Hizo ni kampuni kubwa zenye mainjinia na ofisi ya mazingira. Kama ukuta wao unapasuka, ukingo wetu wa udongo tulioupiga kwa miguu utasimama namna gani?

Mtu atasema: sisi ni wadogo, uchafu wetu ni mdogo. Tumesikia hiyo mara mingi, hata kwenye mikutano yetu ya sendika. Jibu liko mbele ya macho kila siku hapa Baraka. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutoka, mto Lukuga kule Kalemie, na maji mengi kabisa yanatoka kwa kukauka juani. Maji yakipanda kwa jua, uchafu haupandi nayo. Unabaki. Ziwa lina kina cha mita 1470, ndiyo, lakini sisi hatuchoti kule kwenye kina. Tunachota hapa kando, mahali kanivo inamwaga, mahali watoto wanaoga na ndakala zinaanikwa. Miaka hii ziwa lilipopanda na kuingia nyumba za kandokando, vyoo na maji ya kunywa vilikuwa kitu kimoja. Kipindupindu hakijahama Fizi, na hatukiiti tena mgeni.

Maji ya machimbo ya Misisi yana njia yake, hatusemi yote yanashuka mpaka hapa. Lakini watu wanapita barabara ileile. Kijana anaugua karieri, anarudi kwa mama yake Baraka. Aliyezoea kufungua baseni usiku kule, akijenga nyumba hapa atatoboa choo chake usiku vilevile. Ndiyo maana kwetu kanivo ya mji na baseni ya karieri ni kesi moja.

Tena mvua yenyewe imebadilika. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, maji yalishuka juu ya kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, hapahapa Fizi, na viongozi wa mahali walihesabu zaidi ya 100 waliokufa. Tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga mvua iliingia mashimoni, ndugu zetu kama 50 hawakutoka. Mfereji ulioziba hauleti uchafu tu. Unarudisha maji ndani ya shimo, ndani ya nyumba. Anayetupa tope la karieri kwenye njia ya maji anaziba njia ile ambayo maji yangepita bila kuua mtu.

Basi kanuni ya mahali iseme nini? Sisi hatutaki tena tangazo refu la kubandikwa ukutani. Tumeona mengi, mvua inayala. Tunataka kitu ambacho shefu wa kartye na rais wa koperative wanaweza kukagua kwa macho. Kwa mji: nyumba yenye bomba la choo linalotoka kwenye kanivo, bomba lionekane na lifungwe kabla ya mvua kubwa, si baada. Salongo ya Jumamosi isiwe ya kufagia barabara kwa ajili ya mkubwa anayepita. Iwe ya kutembea kando ya kanivo na kuangalia mabomba. Tope likitolewa kwenye kanivo lisiachwe palepale kando, maana mvua ya jioni inalirudisha. Hiyo kila mtu anaijua, na kila Jumamosi tunairudia.

Kwa karieri tunataka baseni mbili, si moja. Ya kwanza ikijaa, tope linashuka huku maji ya juu yanapita kwa ya pili, na kazi haisimami. Hapo sababu ya kufungua usiku inakwisha. Hii ndiyo sehemu wenye site hawataki kusikia, kwa sababu baseni ya pili inakula nafasi na siku za kuchimba. Lakini hesabu ni rahisi: siku chache za jembe kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine amri ya gavana ya kufunga jimbo zima. Zebaki, ile tunaita merkire, isikanyage baseni hata moja. Kanuni za mchimbaji wa mkono zinaikataza tangu zamani, na bado inauzwa kwa kijichupa kama chumvi. Hapo serikali ingeanza na muuzaji kabla ya kumkimbiza mchimbaji.

Pesa ya kanivo itoke wapi? Sheria ya 2018 inasema asilimia 15 ya ile redevansi ya madini iende kwa sekta au mji ambamo mgodi uko. Lakini redevansi inalipwa na wenye permi, si na uchimbaji wa mkono. Na Baraka, ambako familia zinakaa na uchafu unafika, si mahali pa mgodi. Kwa hiyo tukingojea hiyo pesa tutazeeka. Toka Bukavu iingie mikononi mwa M23 Februari 2025, hata barua zetu kwa serivisi za jimbo hazijui mlango wa kugonga. Hatuandiki hivyo kwa kulalamika. Tunaandika kwa sababu kazi hii sasa imebaki kwa mji, kwa sekta, na kwetu.

Na kwetu kuna ugumu wake. Sendika ni ya kumtetea mfanyakazi. Kijana aliyeshika jembe usiku ule hakujituma mwenyewe. Alitumwa, na akikataa asubuhi hana kazi. Tukimpiga lamandi yeye, tunamlinda mkubwa. Tukimnyamazia, tunamsaliti yule mama wa kijiji cha chini, ambaye mara mingi ni mama ya mmoja wetu. Tulibishana juu ya hilo jioni mbili nzima. Tulikubaliana hivi: anayesema nani alimtuma, sendika inasimama naye akifukuzwa. Anayenyamaza, analipa mwenyewe.

Toka hapo tuna daftari. Linakaa kwa mwandishi wetu, na ndani yake inaandikwa siku, saa, baseni gani ilifunguka, na nani alikuwa zamu. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna majina matatu. Mawili ni ya wanachama wetu. Mmoja alisema aliyemtuma, na bado yuko kazini. Wa pili anasema ilikuwa mvua.