Zebaki ya Dodoma Haifiki Sentimita 76

Kila mwanafunzi wa fizikia nchini hufundishwa kwamba kanieneo ya hewa husimamisha zebaki kwa kimo cha sentimita 76, au maji kwa kimo cha mita 10.3. Huziandika tarakimu hizo daftarini, huzikariri, na siku ya mtihani huzirudisha kama alivyozipokea. Ni tarakimu za kweli. Lakini ukweli wake ni wa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Unguja. Mwanafunzi wa Miyuji, kaskazini ya katikati ya mji wa Dodoma, anaishi kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa inayomzunguka ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane. Zebaki kwake husimama kwenye sentimita 66 au 67. Maji nayo, hata yakivutwa na pampu bora kupita zote duniani, hayapandi zaidi ya mita 9 na kitu kidogo.

Huenda mwalimu akasema kwamba tofauti hii ni ndogo, na kwamba mtihani unataka 76. Naona hoja hiyo haitoshi, kwa sababu madhara ya tarakimu ya pwani kutumiwa bara hayaishii darasani. Yanafika kisimani.

Tumtazame mkulima wa mboga au wa zabibu aliyechimba kisima chake mwenyewe. Anakwenda dukani, ananunua pampu ndogo ya petroli, na katika kijitabu chake anasoma kwamba inaweza kuvuta maji kutoka kina cha mita 8. Kisima chake kina maji kwenye mita 7. Anaifunga, anaijaza maji ya kuanzia, anawasha injini; injini inanguruma, na maji hayatoki. Anakagua valvu ya chini, anakaza viungo, anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa pampu mbovu. Pampu si mbovu, wala mtengenezaji hakudanganya. Mita 8 zilihesabiwa kwa usawa wa bahari na kwa maji baridi.

Hapa ndipo fizikia ya kidato cha kwanza inapohitajika. Tumezoea kusema kwamba pampu “inavuta” maji, na neno hilo limetupotosha. Pampu haina mkono wa kushika maji. Kazi yake ni kuondoa hewa ndani ya bomba na kufanya ombwe. Kisha hewa ya nje, inayokandamiza uso wa maji kisimani, ndiyo inayoyasukuma kupanda. Ombwe likiwa kamili, hewa ya Dar es Salaam itayainua maji mita 10.3, hewa ya Dodoma mita 9, na hewa ya Mbeya, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, mita 8.4 tu. Kwa nyanda zetu za kati tunaweza kukadiria hivi: kila mita 100 za kupanda hupunguza kama sentimita 11 za maji. Hakuna fedha inayoweza kununua sentimita hizo, maana nguvu inayosukuma si ya injini bali ya hewa.

Kisha huja halijoto. Ombwe lililo juu ya maji halikai tupu. Maji yenyewe hulijaza mvuke, na mvuke huo husukuma kuelekea chini. Maji ya nyuzi 20 za Sentigredi hupoteza kwa njia hii kama robo mita ya kimo; ya nyuzi 30, sentimita 43; ya nyuzi 40, robo tatu ya mita. Ni kweli kwamba maji yanapokuwa yanakwenda, bomba huchukua ubaridi wa kisima. Lakini wakati wa kuanza, mpira mweusi uliolala juani tangu asubuhi una maji ya moto ndani yake, na ndipo pampu inapokataa. Wakulima wanaosema kwamba pampu zao “zinakubali” alfajiri na “kugoma” adhuhuri huchekwa bila haki. Wameona sawasawa.

Tukitoa tena msuguano wa bombani na kiasi ambacho pampu yenyewe huhitaji ili isitokote ndani, kisima cha Miyuji kinachoweza kuvutwa kutoka juu, bila wasiwasi, ni cha mita 5 au 6. Na kina hicho hakitulii. Maji ya kisima kifupi hushuka kadiri kiangazi kinavyoendelea, hivyo pampu iliyofanya kazi Mei huweza kunyamaza Septemba.

Afanyeje mkulima huyo? Mara nyingi huamua jambo linaloonekana la busara: huishusha pampu, pamoja na injini yake, juu ya kitako alichochimba ndani ya kisima, ili iwe karibu na maji. Kwa hesabu ya kanieneo ni sahihi kabisa. Lakini injini ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kisimani hakuna upepo wa kuiondoa. Anayeshuka kuzima injini huishiwa nguvu kabla hajatambua kilichompata, na anayeshuka kumwokoa humfuata. Ndiyo maana nasema jambo hili si la kukariri tarakimu. Kijana aliyeelewa kwa nini pampu inagoma atamwambia baba yake aache injini juu, atafute pampu inayozama majini, au achote kwa ndoo na kapi.

Visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini ya Miyuji, vinavyoupatia mji wa Dodoma sehemu kubwa ya maji yake, havisumbuliwi na kikomo hiki. Pampu zake zimezamishwa chini ya maji, nazo husukuma badala ya kuvuta. Na kusukuma hakuna mpaka wa mita 9. Kikomo cha Makutupora ni kingine. Uchunguzi wa kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji ya bonde hilo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba maji ya chini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa mno. Lakini hiyo ni mada yenye kustahili makala yake.

Kikomo cha kuvuta kilijulikana zamani. Wachimba visima wa Italia walikiona kabla ya Torricelli kukipa maelezo kwa zebaki yake mwaka 1643. Tarehe 19 Septemba 1648, Périer, shemeji yake Pascal, alipanda na zebaki juu ya mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa, akaona imeshuka zaidi ya sentimita 8 kwa mwinuko wa kama mita 1,000. Hata leo wakulima wa Kanada na kaskazini mashariki ya Marekani, wanaokusanya utomvu wa miti ya mepoli kwa mipira na pampu za ombwe, huhesabu kwamba kila mita 300 za mwinuko huwanyima kama sentimita 2.5 za zebaki. Wao hawaoni haya kuiacha tarakimu ya pwani.

Sisi hatuhitaji kupanda mlima wa Ufaransa. Treni ya umeme inayosafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024 hupita mwinuko mkubwa kidogo kuliko ule wa Périer. Mwanafunzi akiifunga vizuri chupa tupu ya plastiki Dodoma, atashuka nayo Dar es Salaam ikiwa imebonyea. Shule isiyo na nauli ichemshe maji: Dodoma hutokota kwenye nyuzi 96 na kidogo, na kipimajoto cha kawaida kitaonyesha hivyo. Shule yenye mnara wa tangi ichukue mpira mgumu wa plastiki angavu wenye urefu wa mita 11, iujaze maji yaliyochemshwa na kupozwa, izibe ncha moja, iipandishe kwa kamba huku ncha nyingine ikiwa ndani ya ndoo. Maji yatafuata mpaka karibu na mita 9, kisha yatakataa. Mpira uwe mgumu kweli, maana ulio laini utabanwa na hewa na somo litaharibika.

Hapo mwanafunzi mwerevu atauliza: mbona mkaratasi wenye urefu wa mita 30 hupandisha maji hadi kileleni? Asinyamazishwe. Ndani ya mishipa myembamba ya mti maji hushikana yenyewe kwa yenyewe kama kamba, na majani yanayopoteza mvuke huivuta kamba hiyo, hewa haihusiki. Mzabibu una njia ya ziada: ukikatwa matawi udongo ukiwa na maji, hudondosha utomvu, kwa kuwa mizizi inasukuma kutoka chini. Stephen Hales wa Uingereza aliipima nguvu hiyo na kuichapisha mwaka 1727. Mashamba ya mizabibu hayako mbali na madarasa ya Dodoma, na msimu wa kukata matawi ukifika, zana yote inayotakiwa ni bomba jembamba la kioo na kipande cha mpira wa kulifungia kwenye kikonyo.