Acheni kuwaambia watu "mgongo wako umeisha"

Mitihani imekwisha, umeme upo, nipo hapa hosteli naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Hasira yangu ni juu ya neno moja: "pumzika". Mtu anaumwa kiuno mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka wa pili, na kila anayemwona, daktari, jirani, muuza dawa, anamwambia hilohilo: pumzika, usiiname, usibebe kitu. Mimi nasema ushauri huu unalemaza watu wetu.

Kigongo mnaijua. Kwa miaka mingi magari ya Sengerema na Geita yalisubiri pantoni pale kuvuka kwenda Busisi, mpaka daraja la J.P. Magufuli, kilometa 3 juu ya maji, lilipofunguliwa Juni 2025. Enzi za pantoni watu wengi pale walikula kwa mgongo: kubeba magunia, matenga ya samaki, mizigo ya abiria. Mjomba wangu alikuwa mmojawao. Kiuno kikamkamata, akaenda kupigwa picha, akaambiwa: "Pingili zimesagika, mgongo wako umeisha." Basi, hakuambiwa kingine. Mwaka wa tatu huu anashinda kwenye kiti, mkanda kiunoni. Kandambili ikianguka anamwita mtoto amwokotee. Mapaja yamekonda, na maumivu hayajapungua hata kidogo. Daraja lilipofunguliwa wenzake wakahamia kwenye bodaboda, uvuvi na vibanda. Yeye kabaki kwenye kiti.

Tuanze na hiyo picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 WASIO na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na pingili zilizochakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Yaani wazee kibao mnaowaona wanalima mihogo na kuvuta nyavu wana picha kama ya mjomba! Kuchakaa huko ni kama mvi. Sasa nani amepewa ruhusa ya kumwambia mtu mwenye mvi kwamba kichwa chake kimeisha?

Wataalamu wana jina la hofu hii ya kujongea: kinesiofobia. Inavyofanya kazi ni rahisi. Unaumia, unaogopa, unakaa. Ukikaa misuli inalegea na viungo vinakakamaa. Siku ukijaribu kuinama panauma kuliko mwanzo, unajiambia "si nilisema?", unarudi kukaa. Mwili uliozoea hofu unapiga kelele hata pasipo na jeraha. Kuuma na kuharibika ni vitu viwili tofauti.

Na si maneno ya mwanafunzi tu. Mwaka 1995 kule Helsinki walichukua wafanyakazi 186 waliokamatwa ghafla na kiuno: kundi moja likalazwa kitandani siku mbili, jingine likapewa mazoezi, jingine likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri linavyoweza. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa mwisho. Kwa maumivu yaliyopita miezi 3, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023: elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo? Hawashauri. Mjomba kanunua mikanda miwili.

Najua mtasema: "Hao ni Wazungu wa ofisini, huku watu wanabeba gunia la kilo mia." Hoja nzuri, na sisemi mjomba kesho arudi kwenye gunia. Kati ya gunia na kiti kuna mambo mengi. Leo tembea mpaka kwa jirani, wiki ijayo mpaka ziwani. Acha ndoo ya lita 20, anza na kidumu cha lita 5. Ongeza kidogokidogo hata kama panauma kidogo. Na tajiri wa mzigo apunguze uzito wa gunia, hilo nalo ni tiba.

Nisieleweke vibaya. Ukiwa na homa, unakonda bila sababu, miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, mkojo au choo hakizuiliki, au umeanguka vibaya, nenda hospitali haraka. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, saratani ipo. Lakini kwa wengi wenye maumivu sugu, WHO wanasema kama 9 kati ya 10, hakuna ugonjwa mmoja au jeraha linaloyaeleza. Hao ndio tunaowafunga kwenye viti.

Kitu kimoja kinanichoma zaidi. Mke wa mjomba naye anaumwa mgongo. Yeye anachota maji, analima, anauza dagaa, na hakuna aliyewahi kumwambia apumzike. Hofu ya mume imekuwa mzigo juu ya mgongo wa mke. Hesabu hiyo haiandikwi kwenye cheti.

Kwa hiyo nyie mnaosomea udaktari na unesi, nawaomba: mkisoma picha, chungeni ulimi. Mwambieni mgonjwa mgongo wake una nguvu, kisha msimamisheni atembee mkimwona.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tupo.