Rangi ya mdomo si anasa tena, mwenye duka azinduke

Mfanyabiashara wa rejareja anapopanga duka lake asubuhi bado ana tabia moja ya zamani. Sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka huwekwa mbele, mahali mteja anapoviona bila kuuliza. Rangi ya mdomo hufungiwa ndani ya kabati la kioo pamoja na manukato na saa za mkononi, utadhani ni kitu cha siku ya harusi tu. Mpangilio huo unaonyesha anavyofikiri mwenye duka, wakati mnunuzi amekwisha kubadilika.

Mnunuzi wa leo ni karani wa benki, mwalimu, mhudumu wa hoteli, wakala wa fedha za simu. Anapaka rangi yake alfajiri kabla ya kugombea daladala, na ikimwishia hununua nyingine kama anavyonunua sabuni. Kwa lugha ya soko, bidhaa imehama kutoka fungu la anasa na kuingia fungu la matumizi ya kila siku. Wenye mitaji midogo wanaochelewa kuuona uhamaji huo ndio watakaobaki na mzigo.

Mdomo mwekundu si jambo la kuletwa na meli juzi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, wanawake waliotafuna tambuu kwa popoo na chokaa walikuwa na midomo myekundu zamani kabla ya rangi ya kiwandani. Wanja na hina vilikuwa na kanuni zake: mke wa mtu alijipamba, mwanamwali alisubiri. Pambo lilikuwa tangazo la hadhi, na kila mtu mtaani alijua kulisoma.

Mambo yalibadilika pambo lilipoanza kuuzwa dukani kwa yeyote mwenye fedha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi zikapigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba zinadhalilisha utamaduni wa taifa. Katika hali ya namna hiyo, msichana wa mjini mwenye kazi ya ofisini na mdomo uliopakwa alitazamwa kwa jicho lile lile: ama ameiga Uzungu, ama ana mwanamume anayemlipia. Watu wachache walikubali kwamba huenda amenunua kwa mshahara wake.

Kisha ukaja ukata. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya kutafutwa kwa foleni, sembuse rangi ya mdomo. Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na baadaye enzi ya Mzee Ruksa ilipofungua milango zaidi, vipodozi vilimiminika pamoja na mitumba na redio. Kitu kilichokuwa cha mke wa mkubwa kikawa cha binti wa kawaida.

Serikali nayo ilijifunza kuhesabu. Bajeti ya 2019/20 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Pambo lililokatazwa mwaka 1969 likawa, miaka 50 baadaye, chanzo cha mapato ya taifa. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba maana ya urembo katika jamii imegeuka.

Hata hivyo, mgeuko huo una upande wa pili ambao wafanyabiashara wengi hawautaji. Zamani mwanamke aliulizwa kwa nini amepaka. Siku hizi, katika baadhi ya mapokezi, benki na hoteli, anaulizwa kwa nini hakupaka. Kilichokuwa uasi kimekuwa sehemu ya sare, na gharama yake hutoka katika mshahara ule ule mdogo usioongezwa. Hapo ndipo mwenye duka anapaswa kutulia na kufikiri. Mteja anayenunua kwa starehe huacha kununua fedha zikipungua. Mteja anayenunua kwa sababu kazi inamdai haachi, bali hushuka kwenye bei ya chini zaidi. Na chini kabisa ya ngazi hiyo kuna bidhaa bandia.

Kwa sababu hiyo, nadharia maarufu kutoka Marekani isichukuliwe nzima nzima. Leonard Lauder, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni ya Estée Lauder, alieleza wakati wa mdororo wa uchumi wa 2001 kwamba mambo yakiwa magumu wanawake huacha vitu vya bei kubwa na kujiliwaza kwa rangi ya mdomo. Maelezo hayo yalipendwa sana na waandishi wa masoko. Mwaka 2020 yakagonga mwamba: uchumi wa dunia uliporomoka, lakini barakoa zilifunika midomo na rangi ya mdomo ikakosa wanunuzi. Fundisho ni kwamba bidhaa hii hufuata nafasi ya mwanamke kuonekana, kazini na mitaani, kuliko inavyofuata furaha au huzuni yake. Anayetaka kukisia soko la vipodozi aangalie kwanza ajira za wanawake.

Sasa hesabu. Chukulia mchuuzi mwenye mtaji wa Sh. 600,000 amenunua vipande 240 kwa Sh. 2,500 kila kimoja, akakusudia kuuza Sh. 4,000. Vikiisha vyote atapata Sh. 960,000, yaani faida ya Sh. 360,000 kabla ya kodi ya pango na nauli. Lakini robo ya mzigo ikiwa ni rangi zisizokwenda na ngozi za wateja wake, vipande 60 vitabaki. Mauzo yatakuwa Sh. 720,000 na faida Sh. 120,000. Robo ya kosa imekula theluthi mbili za faida, na joto la Dar es Salaam halivihurumii vipande vilivyobaki. Wale wanaonunua boksi la rangi mchanganyiko kwa sababu tu ni rahisi wajue kwamba bei ya boksi si bei ya kile kitakachouzika.

Rihanna alipoanzisha Fenty Beauty mwaka 2017 kwa vivuli 40 vya rangi ya uso, makampuni makubwa yalikumbushwa kwamba ngozi nyeusi si rangi moja. Mwenye genge la vipodozi Mbagala au Mwanza hahitaji kukumbushwa, kwa kuwa wateja husimama mbele yake kila siku. Anachokosa ni daftari la kuandika ni rangi ipi imeulizwa na haikuwepo.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Neno "vipodozi" linaweka pamoja bidhaa mbili zisizofanana. Rangi ya mdomo huongeza na jioni hunawiwa. Mkorogo huondoa, na kinachoondolewa ni ngozi. Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni, na hydroquinone ni miongoni mwa viambato vilivyokatazwa nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa TBS badala ya iliyokuwa TFDA. Mchuuzi anayeficha makopo ya mkorogo nyuma ya rangi halali kwa ajili ya faida ya haraka anaweka mtaji wake wote rehani. Mkaguzi akiingia, hasara haichagui kopo. Na mteja aliyeharibika uso harudi kununua hata sabuni.

Mamlaka nazo zina la kufanya. Maadamu kipodozi cha kawaida ni bidhaa ya mfanyakazi wa kawaida, usajili wake usiwe na gharama na urasimu unaoweza kubebwa na waagizaji wakubwa peke yao. Kila kikwazo kinachomzuia mdogo kuuza kitu halali ni zawadi kwa anayeuza bandia.

Kwa mwekezaji mdogo anayetafuta hisa, Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya vipodozi. Nairobi ndiko ilikoorodheshwa Flame Tree Group mwaka 2014, kampuni iliyochanganya matangi ya maji na vipodozi. Kenya pia imetoa mfano wa Paul Kinuthia, aliyeanzisha Interconsumer Products mwaka 1995, na ambaye biashara yake ya vipodozi, pamoja na chapa ya Nice & Lovely, ilinunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa mwaka 2013. Wafaransa hawakununua anasa. Walinunua mafuta na losheni za bei ya mwananchi, zilizokwisha kufika kwenye rafu za vijijini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Katika bidhaa hii methali hiyo haitoshi, kwa kuwa kibaya nacho kinajiuza, na kwa bei ya chini. Mwenye duka atoe rangi ya mdomo kabatini, aiweke karibu na sabuni, achague rangi zinazoulizwa, ajue imetoka wapi. Yule karani anayewahi daladala alfajiri hana muda wa kuomba afunguliwe kioo, na duka la pili liko hatua kumi mbele.